Hita Hupimwa kwa Tangi

Mtu akisikia Ukambani hufikiria jua kali na mito mikavu, si baridi. Lakini Kola, iliyoko vilimani kusini mwa mji wa Machakos, ina Juni, Julai na Agosti zake. Mawingu hulala juu ya vilima asubuhi nzima, jua huchelewa kujitokeza, na alfajiri kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi kumi na kidogo. Mtoto wa shule huoga kabla hakujapambazuka, au haogi. Hapo ndipo swali la hita linapozaliwa, na tangu stima ilipoanza kusambaa vijijini swali hilo limekuwa la biashara: ninunue kubwa kiasi gani? Jibu la dukani huanza kwa kuhesabu vichwa. Jibu linalotetewa katika sura hii huanzia nje, kwenye tangi lililo chini ya gata. Kwa nyumba ya Kola, ukubwa wa hita huamuliwa na maji yaliyopo na namna yanavyomfikia mwogaji. Joto lenyewe ndilo sehemu rahisi ya hesabu.

Kabla ya maji, neno juu ya kupasha vyumba. Katika nchi za theluji hesabu ya hita ni hesabu ya kuta. Marekani mafundi wana utaratibu uitwao Manual J, unaopima joto linalovuja kupitia ukuta, dirisha na paa kabla mtu hajachagua mashine, kwa sababu mashine iliyozidi kipimo huwaka na kuzima kila baada ya dakika chache, ikijichakaza na kupoteza mafuta. Kola haina haja ya mashine hiyo hata ndogo. Nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa mabati hupoteza joto lake juu, na dawa yake ni silingi, madirisha yanayofunga sawasawa na blanketi la pili kwa wiki chache za mwaka. Jambo moja tu halina mjadala: jiko la makaa haliingii chumba cha kulala. Makaa yanayoonekana kuisha moshi hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, na mwanya kati ya ukuta na mabati ambao mwenye nyumba anatamani kuuziba ndio uliokuwa ukiitoa nje. Kwa hiyo mfumo wa joto wa nyumba ya Kola, kwa kweli, ni wa maji ya kuoga, na tunaweza kuupima.

Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Yuniti moja ya stima, ile tunayoinunua kwa tokeni, ni kilojuli 3,600. Chukua maji yaliyolala kwenye tangi usiku wa Julai yakiwa nyuzi 18, na maji ya kuoga yakiwa nyuzi 40, ambayo wengi watayaona ya kutosha. Ndoo yenye lita 15 itataka kilojuli 1,400 hivi, yaani chini kidogo ya yuniti 0.4. Familia ya watu watano, kila mmoja na ndoo yake, inahitaji yuniti mbili pungufu kidogo kwa siku. Na kwa kuwa hita huhifadhi maji ya moto zaidi ya yale ya kuoga, tuseme nyuzi 60, ambayo huchanganywa na ya baridi ndani ya ndoo, kila mwogaji huchota lita nane tu za moto. Watano kwa pamoja hawafiki lita 40. Soma tarakimu hiyo ukiwa umesimama mbele ya duka ambako hita ndogo kabisa ya sola ni ya lita 100 na muuzaji anakuonyesha ya 200.

Sasa ondoa ndoo uweke shawa. Shawa ya kawaida inayotoa lita nane kwa dakika, mtu akiwa chini yake dakika sita, hutumia lita 48. Watu watano ni lita 240, na karibu 126 kati ya hizo ni za moto. Familia ni ile ile, miili ni ile ile, uchafu ni ule ule; lakini mahitaji ya joto yamepanda mara tatu na zaidi kwa sababu ya kichwa cha bomba. Ndiyo maana kuhesabu watu peke yake hakutoi jibu. Watu watano wa ndoo na watu watano wa shawa ni nyumba mbili tofauti kwa fundi wa hita, hata kama wanaishi ua mmoja.

Na hapo Kola inaingia kwenye hesabu kwa nguvu zake zote. Mvua hapa ni za misimu miwili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna kiangazi kirefu ambacho, kwa bahati mbaya ya kalenda, ndicho pia msimu wa baridi. Nyumba yenye tangi la lita 10,000 lililojaa mwanzoni mwa Juni ina siku 137 hadi katikati ya Oktoba. Gawanya: ni lita 73 kwa siku kwa kupika, kunywa, kufua, kunywesha ndama na kuoga. Shawa ya watu watano peke yake ingelimaliza tangi hilo kwa siku 42. Hata zile ndoo tano, lita 75, zimeshapita mgao wa siku, na ndiyo sababu nyumba nyingi huoga kwa maji pungufu ya lita 15 Septemba ikifika, au huongezea kutoka mtoni. Punda mwenye mitungi minne ya lita 20 hubeba lita 80. Kwa hiyo shawa ya familia moja ni safari tatu za punda kila siku, kwenda na kurudi. Hakuna muuza hita anayekuonyesha gharama hiyo kwenye karatasi ya bei.

Si kwamba watu wa Kola hawajui kuhifadhi maji. Pengine wao ndio wa kuwafundisha wengine. Kola ndiko nyumbani kwa shirika la Utooni, lililotokana na kikundi alichokianzisha Joshua Mukusya mwaka 1978, na jina lake limefungamana na mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege na mawe unaokatiza mto wa msimu, nyuma yake mchanga unajaa mafuriko baada ya mafuriko, na ndani ya mchanga maji yanakaa yakiwa yamefichwa mbali na jua. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, vilivyochimba matuta ya fanya juu mashambani ndivyo vilivyobeba mawe ya mabwawa hayo. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki uliotolewa kama kitabu mwaka 1994 uliifanya Machakos mfano duniani wa watu walioongezeka huku wakiuponya udongo wao. Somo la bwawa la mchanga linaihusu hita moja kwa moja. Anayejenga ukuta wa bwawa hauanzi kwa kuuliza kijiji kina watu wangapi. Anatazama mto unaleta nini, na mwamba uko wapi. Chombo hukubali kipimo cha chanzo.

Msomaji makini atasema: serikali yenyewe imehesabu vichwa. Ni kweli. Kanuni za kupasha maji kwa jua za mwaka 2012 zilitaka majengo yaliyo ndani ya mamlaka za miji na wilaya, yenye mahitaji ya zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, yaweke mifumo ya sola, jua lichangie angalau asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka, na majengo yaliyokuwepo yalipewa miaka mitano. Jedwali lake liliweka lita 30 za nyuzi 60 kwa kila mtu nyumbani. Watu watano, lita 150. Mizani hiyo haina kosa kwa kilichokusudiwa: kupunguza mzigo wa asubuhi kwenye gridi ya taifa, ambao huletwa na nyumba za mjini zenye bomba la kampuni ya maji na shawa mbili. Lita 30 za moto ni sawa na lita 57 za maji ya kuoga, kiwango cha shawa kamili. Kukichukua kipimo hicho na kukipeleka kwenye nyumba inayoishi kwa lita 73 za kila kitu ni kuvaa koti la mwingine. Mafundi wengi hufanya hivyo bila ubaya wowote, kwa kuwa ndicho kipimo kilichoandikwa.

Wapo watakaosema basi sola ya nini, mtu aweke shawa ya umeme inayopasha maji yakipita, asihifadhi chochote. Hoja hii ina uzito kwa nyumba ya mtu mmoja au wawili, kwa sababu chombo kisichohifadhi hakina ukubwa wa kukosea. Lakini kinahitaji vitu viwili ambavyo kijijini havipatikani kwa urahisi. Cha kwanza ni maji yanayoshuka kwa msukumo, maana yake tangi lililoinuliwa juu ya mnara na pampu ya kulijaza. Mtungi wa punda haupandi wenyewe. Cha pili ni stima iliyonyooka. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 23 hivi, na hudai waya wake mnene na swichi yake. Mradi wa Last Mile ulioanza 2015 uliwafikishia stima watu walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma kwa ada ya shilingi 15,000, na ulilenga balbu, simu na redio. Ukiwa mwisho wa laini ndefu, jioni volti zinaweza kushuka. Zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya shawa haipungui kwa moja ya sita tu: hupungua kwa karibu theluthi, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Wati 5,500 zinabaki 3,800, na maji ya vuguvugu yaliyoahidiwa lita tatu na nusu kwa dakika yanakuja lita mbili na nusu. Tena maji ya visima virefu vya Ukambani mara nyingi yana chumvi, na chumvi huivika koili koti la chokaa hadi iungue. Zipo shawa zilizotengenezwa mahususi kwa maji ya chumvi. Mwenye kisima asinunue nyingine.

Turudi kwenye sola, maana ndipo kosa la ukubwa linapokuwa ghali. Watu hudhani hita iliyozidi ni hasara ya pesa tu, kisha mambo yamekwisha. Sivyo. Hita ya mirija ya kioo iliyowekwa kwa watu kumi na kutumiwa na watatu hukusanya joto lisilo na mchotaji. Februari, jua likiwa kali na tangi la nje likianza kupungua, maji ndani yake huchemka, na vali ya usalama hufanya kazi yake ya kuyamwaga nje kama mvuke na matone. Nyumba inapoteza maji kwa sababu imenunua joto kupita kiasi. Mbaya zaidi ni maji ya baridi yakikatika kabisa. Mirija mitupu juani hupanda kupita nyuzi 200, na siku tangi likijazwa saa sita mchana, maji baridi yanapogusa kioo hicho, mirija hupasuka mmoja baada ya mwingine. Mjini hilo ni tukio la nadra. Mahali ambapo tangi kuisha ni sehemu ya mwaka, ni jambo la kupangiwa: hita hujazwa alfajiri au jioni, au hufunikwa kwa turubai maji yakiisha. Kadiri mirija inavyozidi ndivyo vya kupasuka vinavyozidi. Na kuna uzito. Hita ya lita 200 ni kilo 200 za maji kabla hujahesabu chuma na kioo, na mbao za paa la mabati zilipigiliwa misumari kubeba mabati. Stendi ya chuma kando ya ukuta ni salama zaidi, na fundi wa bomba atashukuru.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la Julai. Mawingu yakitanda, husemwa, ndipo kubwa inapohitajika, ndogo haitapasha. Hoja hii inasikika vizuri na imeuza hita nyingi, lakini inachanganya vitu viwili. Hita ya lita 200 ina lita maradufu ya ile ya 100, na kwa kawaida ina mirija maradufu pia. Kwa siku ya mawingu, maradufu ya joto likigawiwa maradufu ya maji linatoa vuguvugu lile lile. Ungepata lita nyingi zaidi za maji yasiyotosha kuoga. Anayetaka maji ya moto zaidi Julai anahitaji kioo kingi kwa maji machache. Mfano: yuniti mbili za joto zikiingia lita 200 hupandisha maji nyuzi nane na nusu tu; zikiingia lita 50, hupandisha nyuzi 34. Haki itendeke kwa upande wa pili: tangi lililofunikwa vizuri likitumiwa kidogo hubakiza joto la jana, na nyumba yenye hita kubwa itaoga vizuri siku ya kwanza ya mawingu, pengine na ya pili. Ya tatu itafanana na jirani. Na mawingu ya Julai hayaishii siku mbili.

Linalosaidia Julai bila shilingi ya ziada ni mwelekeo. Kola iko kusini kidogo mwa ikweta, na mwezi wa Juni na Julai jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Hita inayotazama kaskazini, ikiinamishwa nyuzi 15 au 20, hulipokea jua hilo karibu uso kwa uso katika miezi ile ile ya baridi, na mwinamo huo huo ndio unaowezesha maji moto kupanda yenyewe kuingia tangini bila pampu. Desemba na Januari, jua likiwa kusini, hita hiyo hiyo hulipokea kwa ubavu na kuchemka kidogo. Ni nadra jambo moja kuponya magonjwa mawili, na hili halihitaji zaidi ya fundi anayejua machweo ni wapi. Wengi huufuata tu mteremko wa paa, popote unapotazama.

Kuna hoja ya pesa, na haistahili kupuuzwa. Tofauti ya bei kati ya lita 100 na 150 mara nyingi si kubwa, fundi ni yule yule na mabomba ni yale yale, na familia hukua. Kwa nini mtu asinunue mara moja? Kwa nyumba yenye kisima chake, au iliyounganishwa na maji ya bomba, ningeikubali hoja hii nusu: nunua ya 150 kama watoto bado wanazaliwa. Kwa nyumba ya tangi na mtoni, tofauti hiyo ya bei inunue gata. Gata iliyozunguka paa lote badala ya upande mmoja huongeza maji kila mvua. Paa la mita mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita ya mvua, na upande usio na gata huzimwaga uani. Mtu aliyelikamilisha paa lake atakuwa na sababu ya kupanua hita baadaye. Hita za sola hukubali kuongezewa pacha, tangi tupu halikubali kitu. Kwamba nyumba yenye hita kubwa huuzika vizuri zaidi ni kweli ya Syokimau na Kitengela, wanakouziana nyumba. Boma la Kola halijengwi liuzwe.

Anayebaki ni yule anayeuliza kama hita yoyote inahitajika pale ambapo moto tayari unawaka. Swali hili hudharauliwa na vitabu vya nishati, na halistahili. Mawe matatu hufikisha kwenye sufuria sehemu ndogo ya joto la kuni, tuseme asilimia 12. Kwa ndoo zetu tano hiyo ni kilo tatu na nusu za kuni kavu kwa siku, mzigo wa mtu, na moshi machoni mwake. Jiko lililoboreshwa linalofikisha asilimia 25 hupunguza kuni hadi chini ya kilo mbili. Lakini makaa yanayobaki baada ya chakula cha jioni hayahesabiwi hapa, kwa kuwa yalikwisha kulipiwa na githeri. Sufuria iliyotegwa juu yake, ikafunikwa, kisha maji yakatiwa kwenye chupa kubwa za chai, ni hita ya lita kadhaa isiyo na ankara. Nyumba inayofanya hivyo imekwisha kupunguza ukubwa wa hita inayohitaji, na hesabu ya haki huiondoa sehemu hiyo kwanza: watoto wawili wakioga maji ya jikoni, sola inabaki na watu watatu na lita 24 za moto.

Wageni wa Krismasi ndio hoja ya mwisho ya muuzaji, na ndiyo inayogusa moyo, kwa sababu Desemba watoto na wajukuu hurudi kutoka Nairobi na Mombasa na nyumba ya watano hulala kumi na wawili. Itazame kalenda. Desemba mvua za vuli zimekwisha kunyesha au zinamalizia, na tangi limejaa kuliko wakati wowote tangu Mei. Jua ni kali na mawingu ya Julai yamesahaulika. Hita ya lita 100 ikifika nyuzi 60 na kuchanganywa hadi 40 hutoa lita 190 na ushee za kuoga, ndoo kumi na mbili za lita 15 zikibaki na tone. Wakizidi, jikoni kuna moto uliowashwa kabla ya jogoo kwa ajili ya muthokoi, na juu ya mawe ya pili sufuria ya lita 40 haina kazi.